Siku ya Stefano Haisogezwi

Kuna Krismasi moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na leo nitakusimulia hata kama huna muda. Najua huna. Nyie wa Dar mna simu mbili mbili, mna foleni, mna bosi, ila muda ndio hamna. Basi isome hii hukohuko kwenye foleni, maana najua kusimama mnasimama.

Nimeuona ujumbe wako kwenye kundi la familia. Umeandika, "Shikamooni wazee wetu. Mwaka huu tumeamua sikukuu zote tuzimalize tarehe ishirini na tano. Krismasi, Mtakatifu Stefano, somo wangu na baraka za watoto, tupike mara moja, tule mara moja, ishirini na sita asubuhi tunageuza." Wenzako nao wakafuatisha vidole gumba, ukurasa mzima vidole gumba. Nilizima simu nikaenda kupalilia pilipili manga zangu, na kila nikiinamisha mgongo hasira inapanda. Tumeamua! Nani ameamua? Anayekaa huku mlimani ni mimi. Migomba ni yangu, jiko ni langu, kuku mtakaokuja kuwala nimewalisha mimi, halafu uamuzi unanifikia kwa simu ukiwa umeshagongwa muhuri wa vidole gumba.

Na usinianzie habari za kazi. Mimi bibi yako nakujua tangu unatambaa. Uliitwa Yohane kwa sababu ulizaliwa wiki ya Noeli na katekista hakutaka kusikia jina jingine, kwa hiyo somo wako, mtakatifu uliyepewa jina lake, ni tarehe ishirini na saba. Mwaka juzi siku hiyo gari lilikuwa bovu. Mwaka jana ulipata dharura. Mwaka huu umegundua kuunganisha. Tuache kuzungukana, mume wangu mdogo. Wewe na dada yako Agnesi hamsemeshani tangu msiba wa mama yenu, kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyechelewa kumpeleka hospitali. Aliyekufa alikuwa binti yangu. Kama kuna mtu wa kununa ni mimi, na mimi nimeshachoka kununa, nyie bado mnaendelea.

Agnesi akija siku ya somo wako utalazimika kumpokea. Hilo unalijua vizuri, ndiyo maana unataka siku yenyewe isiwepo.

Lakini wake zenu na watoto wenu hawajui taratibu zetu, na wewe unajifanya umesahau, basi nizirudie. Kwetu, siku ya somo wako huendi shamba. Mlango unafunguliwa kengele ya kwanza ya kanisa ikilia na haufungwi mpaka giza liingie. Unakaa barazani na chungu cha togwa, watu wanapita wanakwambia heri ya somo, unawapa wanywe. Anayekuja siku hiyo hakualikwa na haulizwi amefuata nini. Hata kama mlitukanana mwaka mzima, akija unamkaribisha, na akila kwako neno lililokuwa kati yenu limekwisha, hakuna kulifufua. Huwezi kumfungia, kwa sababu siku hiyo mlango si wako, ni wa somo wako. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyokubaliana na makatekista wa zamani, na si kwa Wakristo tu. Majirani zetu Waislamu walikuwa wanaijua siku ya kila mtu hapa kuliko nyie mnavyoijua.

Sasa wiki ya Noeli masomo wanafuatana. Krismasi, kesho yake Stefano, kesho yake Yohane, kesho yake Watoto Mashahidi na baraka za watoto. Mnasema inachosha. Mimi ninayepika sijasema inachosha.

Haya, sikiliza kilichotupata sisi. Nilikuwa msichana, nimetoka kumaliza darasa la saba, nikikaa na bibi yangu mzaa mama kwenye kiwanja hikihiki. Chini yetu kidogo ilikuwa nyumba ya mjomba wangu Stefano, kaka mkubwa wa mama yangu, na huyo ndiye alikuwa mkuu wa ukoo. Wewe ni Mluguru, huhitaji kuambiwa kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayemtambua mbele ya watu na kumgawia shamba. Mtoto ambaye mjomba hajamtambua atakula na kucheza na wenzake, lakini siku ya kugawa mashamba anakaa pembeni.

Mdogo wao wa mwisho alikuwa Veronika, mama yangu mdogo. Huyu alikwenda kuolewa Kisaki na fundi wa reli, Mwislamu, wakati reli ya huko chini bado mpya. Mjomba alimkataza, Veronika akaolewa. Mjomba akasimama mbele ya ukoo akaapa kwamba yule si dada yake tena na watoto wake hatawajua. Alikuwa na sauti kubwa, mjomba, na maneno yalimtoka kwa urahisi. Kuyarudisha ndiko kulikomshinda. Wanaume wa upande wetu wako hivyo, na wewe umerithi vyote, hata pua.

Basi Veronika akajifungua mtoto wa kiume. Likapita lori kutoka Kisaki, dereva akateremsha salamu zake kwa bibi. Alisema, "Mwambieni mama nitakuja siku ya Stefano, nimwoneshe kaka mtoto." Bibi akatelemka mwenyewe kumpa mjomba habari. Mjomba akajikuna kidevu, akauliza kama mvua huko chini imenyesha. Hakusema njoo, hakusema asije. Kijiji kizima kilijua kwamba Veronika anakuja, na kijiji kizima kilikuwa kinasubiri kuona Stefano atampokea vipi.

Karibu na Krismasi akaja Damiani, mtoto wa kwanza wa mjomba. Alikuwa ameajiriwa kiwandani mjini Morogoro na amerudi na redio, miwani ya jua na mawazo. Tukiwa tunakoboa mahindi akasema, "Baba, haya mambo ya kula siku nne mfululizo yamepitwa na wakati. Tuunganishe. Krismasi na somo wako tuvifanye siku moja, kesho yake twendeni wote mjini. Kuna mechi, na mama akapimwe macho."

Mjomba hakuwahi kukubali jambo bila kukohoa kwanza na kuulizia jambo jingine. Siku ile alikubali Damiani hajamaliza hata sentensi.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Tufanye hivyo."

Bibi akaacha kutwanga. "Na Veronika?"

"Akiwahi atatukuta Krismasi, mama. Krismasi si kila mtu anaijua?"

"Kasema siku ya Stefano."

"Basi atakuta sikukuu imeshapita. Hapo kosa langu liko wapi?"

Umemsikia? Kosa langu liko wapi. Mimi nilikuwa mdogo, niliona ni maneno ya kawaida, na kwa kweli nilitamani kwenda kuona hiyo mechi. Bibi aliendelea kutwanga, ila alitwanga mpaka mahindi yakawa unga.

Krismasi tukala. Jioni mjomba akatoa chungu cha togwa, tukamwimbia somo wake, kila mtu akapokea kikombe. Bibi alikataa cha kwake. Akasema togwa ya Stefano atainywa kesho, siku ya Stefano. Watu wakacheka, wakadhani ni uzee. Asubuhi yake mjomba, mke wake, Damiani na wengine wote wakateremka barabarani kupanda lori la mjini. Damiani alifunga mlango kwa kufuli aliloleta, kubwa, linang'aa, na alitaka kila mtu alione. Bibi akasema yeye haendi, mimi nikaambiwa nibaki naye, nikabaki nimenuna.

Mvua ilikuwa inanyesha ile ya vuli isiyokata. Misa ilipotoka nikasikia hodi kwa mjomba. Hodi tena. Nikatelemka, nikamkuta mama mdogo Veronika amesimama barazani, kanga zimemganda mwilini, miguu tope mpaka magotini, mtoto amemfunga kifuani. Alikuwa amesafiri na lori tangu jana yake, akalala njiani, kisha akapanda ule mlima kwa miguu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kaka yuko wapi?"

"Wamekwenda mjini."

"Leo?" Akaniangalia. "Leo si Stefano?"

"Walifanya jana."

"Jana ilikuwa Noeli," akasema polepole, kwa upole, utadhani ananifundisha katekisimu. Nikaangalia lile kufuli, na yeye akaliangalia.

Bibi akafika amejifunika gunia. Akambembeleza aingie kwake akauke, ale, mtoto apate joto. Veronika akakataa. Alisema, "Mama, nikila kwako nitakuwa nimekuja kwa mama. Hilo naliweza siku yoyote. Leo nimekuja kwa Stefano." Akakaa chini palepale barazani, mgongo mlangoni, akamnyonyesha mtoto. Bibi akaleta uji. Ulipoa, ukaota utando, nikaurudisha.

Sasa sikia jambo ambalo mpaka leo likinijia nachukia na kulia kwa pamoja. Watu walianza kupita kumpa Stefano heri ya somo, maana wengi hawakujua kwamba siku imehamishwa. Jirani yetu Mzee Athumani alikuja na fimbo yake na mkungu wa ndizi mbivu. Wakaja wanakwaya. Wakaja watani. Na kila aliyekuja alimkuta yule aliyekataliwa amekaa mbele ya mlango uliofungwa. Unadhani aliwaambia nini? Aliwaambia, "Ahsanteni sana. Kaka katoka kidogo, nitamfikishia." Akapokea ndizi, akazipanga pembeni. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba amefungiwa. Kaka yake alimwaibisha mbele ya ukoo mzima, naye akakaa kwenye baridi ya mvua kutwa akimfichia aibu.

Alasiri ilimbidi aondoke ili awahi lori la kurudi Kisaki. Akafunga mtoto. Akamwambia bibi, "Mwambie nilikuja." Akatelemka mlima. Bibi alibaki amesimama mvuani mpaka nikamshika mkono.

Mjomba alirudi kesho yake amechangamka, njia nzima anasimulia mechi. Akamkuta bibi amekaa barazani kwake, mahali palepale, ndizi ziko pembeni yake.

Bibi hakumpa hata nafasi ya kusalimia. Akamwambia, "Stefano, jana ulikuwa na wageni. Dada yako aliwapokea. Kila aliyekuja alimwambia umetoka kidogo. Na usiniambie mambo ya kuunganisha sikukuu. Wewe hukuunganisha kitu. Ulikimbia, ukamtanguliza Damiani akusemee."

Mjomba akakaa chini na kofia yake kichwani. Damiani akataka kueleza jambo, bibi akamtazama tu, akaacha. Mjomba akasema, "Mwakani sitoki, mama. Nitakaa hapa tangu asubuhi."

"Mwakani mbali. Lori la Kisaki lipo kesho."

"Siku yangu ipo," akasema mjomba.

Siku yangu ipo! Aliyeichezea siku yake mwenyewe sasa ndiyo anayoitegemea. Mwaka uliofuata kweli alikaa barazani kengele ya kwanza ikilia, na shati jeupe na chungu cha togwa. Veronika hakuja. Mwaka wa pili hakuja. Bibi akamtuma yule dereva amuulize kulikoni, jibu likarudi kwamba mama mdogo hana kinyongo, ila amesema hivi: "Sijui siku hizi kaka anaifanya tarehe ngapi." Na kweli, angejuaje? Kisaki si jirani, na mtoto mdogo huwezi kupanda naye mlima kila siku ukibahatisha.

Mpaka siku anafariki, bibi alikuwa akimwambia mjomba aende Kisaki. Kila mara mjomba alitikisa kichwa kukubali, na kila mara hakwenda. Ukiniuliza kwa nini, mimi nami nilimuuliza nilipokuwa mtu mzima. Alisema, "Nikienda kwake nitasema nini? Akija huku sina haja ya kusema." Mwanaume mzima, mkuu wa ukoo, anaogopa sentensi moja. Nilimpenda sana mjomba wangu, na siku ile nilitamani kumchapa.

Alizeeka akisubiri barazani kila siku ya Stefano. Tulipomzika ndipo Veronika akaja, pamoja na yule mtoto, Ramadhani, ana sharubu zake. Wazee wa ukoo walimtambua palepale baada ya mazishi. Yalikuwa maneno machache na kushikana mikono, watu wakarudi kula. Kitu kilichomshinda mjomba maisha yake yote kilimalizika maji ya chai hayajachemka. Mama mdogo alipewa wali na maharage ya matanga, akaenda kukaa barazani kwa kaka yake, akala wote. Machozi yalikuwa yanadondoka sahanini na yeye anaendelea kula. Alipomaliza akaniambia, "Nimekula kwa Stefano." Nikamwambia ndiyo, mama mdogo, umekula. Lakini Stefano mwenyewe hakuona.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Mtakatifu hana shida na pilau yako. Ukipika siku ya ishirini na tano au usipopika kabisa, yeye yuko mbinguni ameshiba. Siku yake imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye huongei naye. Huyo humpigii simu, yuko nje ya kundi lako la familia, mipango yako haimfikii. Kitu pekee mnachobaki nacho nyote wawili ni tarehe, kwamba siku fulani mlango wa fulani hufunguliwa. Ukiisogeza kwa sababu ya mechi, au foleni, au bosi, umemwondolea njia ya kurudi, na yeye ataijua habari hiyo akiwa ameshasimama mbele ya kufuli. Usiisogeze. Na kama umeshaisogeza, usikae unasubiri mwakani umevaa shati jeupe. Panda gari umfuate, hata kama hujui utasema nini. Sema chochote. Sema mvua imenyesha.

Unganisheni mnavyotaka kununua mchele. Choma nyama yote siku moja kama unaona ndiyo ujanja. Watoto waleteni wabarikiwe siku yao, ishirini na nane, katekista ameshauliza majina yao. Lakini ishirini na saba wewe utakuwa hapa, umekaa barazani kwangu, togwa iko mbele yako. Bosi wako mwambie bibi ni mgonjwa. Siumwi, ila kwa hasira mnazonitia si uongo mkubwa.

Agnesi alinipigia juzi. Hakukutaja jina. Tulizungumza habari za migomba, za bei ya nauli, za watoto wake, tukazunguka weee, mwisho akauliza kama ishirini na saba mlango utakuwa wazi. Nikamwambia utakuwa wazi na mwenye somo atakuwepo. Nimesema hivyo kwa kinywa changu kabla sijakuuliza, kwa sababu na mimi siku hizi naamua bila kuuliza, nimejifunza kwenu. Usinifanye mwongo uzeeni.

Mungu akufikishe stendi ya Msamvu salama, akupandishe mlima huu bila kuteleza, awalinde mkeo na watoto. Yohane somo wako akukalishe kwenye kiti siku hiyo usiinuke kutafuta mtandao. Dada yako akisema hodi, akupe sauti ya kuitika. Na binti yangu, mama yenu, huko aliko apumzike, awaone wanawe wawili mnakula sahani moja. Amina, mwanangu. Amina.